Silsila Yangu Imekatikia Kidato cha Pili

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Chama cha Wapimaji wa Maji,

Nakuamkia kwa heshima, nikitumaini barua hii itakukuta mzima chini ya picha ya yule Mgiriki mwenye ndevu. Mimi ni msichana wa maabara, chumba cha mwisho baada ya stoo, mliyemnyima uanachama Ijumaa.

Sababu ilisomwa mbele ya watu. Kila anayeingia chamani hutaja silsila yake: mwalimu wake, na mwalimu wa mwalimu wake, mpaka afike Ugiriki ya kale, maana mnasema huko ndiko kwao kila mwanasayansi. Wenzangu walifika bila jasho. Mimi niliishia Kidato cha Pili, kwa mwalimu aliyejifunza kemia peke yake, katika kitabu kisicho na jalada. Katibu akaniuliza kwa upole wa kuua, "Kwa hiyo wewe, mwanangu, huna kwenu?" Ukumbi ukacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Bila uanachama siwezi kutia sahihi majibu ya maji ninayoyapima mwenyewe. Huyatia sahihi mzee wa chumba cha pili, ambaye mara ya mwisho kuishika hadubini alikuwa akiipangusa vumbi. Hivyo nalalamika:

1. Vijidudu vya majini havijawahi kuniuliza ukoo. Nikivitazama, vinaonekana.

2. Mgiriki wa kwanza alifundishwa na nani? Wagiriki wenyewe walisimulia kwamba wahenga wao walikwenda Misri kujifunza jiometri. Kama ni kweli, tukifika Ugiriki hatujafika, tumeteremka kituo kimoja kabla. Kama si kweli, basi walijifundisha wenyewe, sawasawa na mwalimu wangu, ila yeye alikuwa na kitabu.

3. Shule nyingi za huko hazikupokea wanawake. Tukishika asili, Makamu wako, mama tunayemheshimu sote, atoke kwanza. Nitamshikia mkoba.

4. Nilichowapendea Wagiriki ni ubishi. Mwanafunzi alimpinga mwalimu wake hadharani, na elimu ikasonga mbele. Kwetu, mimi niliyesahihisha hesabu ya Katibu mwaka juzi hadi leo simiminiwi chai. Kwa kipimo hicho Mgiriki wa pekee ukumbini ni mimi, na ninyi ndio mnaopaswa kuniomba uanachama. Fomu nimeambatanisha. Jazeni kwa herufi kubwa.

5. Kwa hiyo kanuni ya silsila ifutwe, picha ishushwe, na jina la kila mtu lifuatwe na kazi yake, basi.

Nisalimie Makamu, Katibu (sina kinyongo, nina hoja), na wote wanywao chai. Mzee wa chumba cha pili mwambie majibu kumi na mawili yanamsubiri mezani, na miwani yake iko juu ya paji la uso.

Wako katika ukweli na vyombo vya kioo,
Msichana wa chumba cha mwisho

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, shangazi amenieleza kwamba mwalimu wangu, kabla ya kupata kile kitabu, alifagia darasa la mhadhiri mmoja muhula mzima, akisikiliza. Mhadhiri huyo ndiye aliyekufundisha wewe. Kumbe wewe ni baba yangu mdogo kielimu! Tafadhali ichane barua hii. Kanuni ina busara, tena ikazwe: kuna wawili wanaoomba baada yangu, na asili zao sizielewi. Kesho nakuja na kalamu yangu ya kutia sahihi.