Malalamiko Kuhusu Washenga Watatu wa Posa Moja

Fundi Mbwana Kondo,
Karakana ya Majokofu,
Tabata, Dar es Salaam.

Kwa: Dokta Demetria,
Mkuu wa Maabara ya Kompyuta Zisizozimika.

Mheshimiwa Dokta,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi, basi habari za kazi.

Mie ni baba yake Naima, binti aliyeposwa wiki iliyopita na mtafiti wako Twaha, na nakuandikia kuomba utafiti wenu ufungwe. Siandiki kwa hasira. Hasira zilikuwa jana.

Kwa ninavyoelewa, na Twaha amenieleza mara nyingi huku akinywa chai yangu, mnatengeneza kompyuta ambayo sehemu moja ikiharibika, nyingine zinaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kazi moja mnaipa mitambo mitatu, kila mmoja unajibu peke yake, kisha linafuatwa jibu la iliyo mingi. Kwenye ndege na hospitali sina neno. Lakini mambo haya sasa yameingia nyumbani kwangu, na hoja zangu ni hizi:

1. Twaha ameniletea washenga watatu. Wangekuja pamoja ningewapikia. La! Mmoja mmoja, siku mbalimbali, na hawajuani, eti wasije wakaambukizana makosa. Jumatatu alikuja Mzee Talha, kanzu imenyooka, barua ya posa mkononi. Nikamjibu kama alivyojibiwa mshenga wangu nilipomposa mke wangu Zubeda: tumesikia, tupeni nafasi tushauriane. Mtu yeyote aliyelelewa anajua hiyo ni ndiyo yenye adabu. Jumatano akaja Kasimiri na barua ileile, imetolewa kopi, mpaka doa la chai limetoka kopi. Nikajua huyu tapeli, nikamwambia hapana. Ijumaa akaja Elibariki, naye na kopi ya barua ileile. Huyo hata maji hajanywa, nikamwambia hapana na geti nikamwonyesha.

2. Twaha hakuja kuniuliza kulikoni. Kahesabu kura! Akaniletea meseji: shikamoo baba, hapana ni mbili, tupeni nafasi ni moja, kwa hiyo jibu ni hapana, nami nimelipokea kwa unyenyekevu. Jamani, mtu mmoja mie, napigiwa kura na mdomo wangu mwenyewe? Na kijana nampenda, Dokta, nisikufiche. Moyoni nilishampa tangu Jumatatu. Sasa Naima hali, hasemi, na chai yangu leo siku ya nne inakuja bila sukari.

3. Nilipomuuliza Naima kosa langu lipi, ndipo akafungua mdomo. Akanieleza, kwa adabu kabisa, kwamba kwenye vitabu vya Twaha mtambo unaompa kila anayeuliza jibu tofauti unaitwa msaliti, na kwamba ni heri uliokufa kuliko huo, maana uliokufa angalau umenyamaza. Mie! Fundi wa majokofu miaka ishirini na sita, nimezidiwa na maiti!

4. Usiku sikulala, nikaona mbali. Jokofu nalo likifundishwa kuendelea kugandisha huku limeharibika, nani ataleta jokofu kwangu? Nisipopata kazi, harusi ya Naima naipikia nini? Yaani hata angeleta mshenga mmoja, utafiti wake ungeizuia harusi yake mwenyewe.

5. Na hayataishia hapo. Leo washenga watatu, kesho mashehe watatu, keshokutwa bwana harusi mwenyewe atakuja na wawili wa akiba, ili mmoja akipata mafua mwingine aendelee. Astaghfirullah! Binti nimemzaa mmoja.

Kwa hiyo naomba maabara ifungwe, na Twaha aelezwe kwamba hapana yangu inabaki hapana. Nimeshaitamka mara mbili mbele ya wageni, na mtu mzima hali matapishi yake.

Nisalimie wafanyakazi wote, walinzi wa getini, na kompyuta zenu, nzima na mbovu. Twaha usimsalimie. Au msalimie kidogo.

Ni mie, mwenye kinyongo na heshima zangu zote,
Mbwana Kondo.

Tanbihi: Kwa kuwa barua moja inaweza kupotea njiani, nimeagiza ziandikwe nyingine mbili. Moja kaandika Zubeda, moja kaandika Naima, na kila moja imepita njia yake. Sikuzisoma, miwani sikuwa nayo. Wameniletea nisaini huku wanacheka, nami nikasaini. Na leo jioni chai imekuja na sukari. Neno langu silirudishi, Dokta. Lakini ukikuta barua hii inasema hapana na zile mbili zinasema ndiyo, mie ni nani nishindane na utafiti? Wengi wape. Aje Mzee Talha Jumapili baada ya alasiri, na aje peke yake.