Jinsi Nilivyoiweza Kamati ya Bajeti

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimerudi kutoka semina nikiwa mtu mwingine. Siku mbili nzima za kufundishwa namna ya kujadiliana bajeti, chai ya bure, na cheti chenye muhuri. Nimekibandika ukutani hapa masjala, juu ya rafu za mafaili ya wagonjwa. Kanuni ni tatu. Moja: omba zaidi ya unachotaka. Mbili: uwe na vitu vya kuachia, ili mwenzako ajione ameshinda. Tatu: anayeongea kwanza ameshindwa, kwa hiyo nyamaza.

Mwalimu alitaja na ya nne, kuhusu kujua hasa unahitaji nini na kwa nini. Wakati huo nilikuwa kwenye foleni ya chai.

Mwaka huu sina mchezo. Mkataba wa Dada wa Mafaili unaisha mwisho wa mwezi. Nafasi yake isipoingia kwenye bajeti ya hospitali, anaondoka. Masjala tupo wawili tu, mimi mkuu na yeye karani. Daktari akitaka faili, yeye ndiye anayejua liko wapi. Miaka sita sasa. Ana watoto wawili na mama wa kumtunza. Nimemwahidi mbele ya cheti kwamba hatoki mtu hapa. Alisema ahsante, bosi, kisha akauliza kama anisaidie kujaza fomu. Nikamwambia haya ni mambo ya waliosomea.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Fomu imejaa! Tunachohitaji ni karani mmoja na viti viwili. Nimeomba makarani watatu, viti kumi na viwili vya kuzunguka, feni nne, zulia na friji. Hapa kila mkuu wa kitengo huomba mara mbili, mhasibu hukata nusu bila kusoma, na kila mtu anarudi nyumbani na alichokitaka. Tumeishi hivyo miaka yote kwa amani. Ila yule Mhasibu Mkuu wa zamani amestaafu, na huyu mama mpya hatujamzoea. Ndiyo maana nimezidisha zaidi, kwa usalama.

Koridoni nilikutana na mkuu wa usafiri, tunayemwita Mzee wa Matairi. Mpinzani wangu wa siku nyingi. Fomu yake ukurasa mmoja. Ameomba matairi manane, akaambatanisha picha za yale yaliyokwisha. Manane tu! Nilimuuliza anatarajia kupata mangapi. Akasema manane. Nilimwonea huruma hadi nikamnunulia soda.

Dada wa Mafaili aliisoma fomu yangu kwa muda mrefu. Akauliza hao makarani wengine wawili watakaa wapi, maana chumba kina meza moja na nusu. Nikamwambia hao ni wa kuachia. Akauliza Mhasibu atajuaje yupi ni wa kuachia na yupi ni yeye. Swali la mtu asiyekwenda semina. Nimepeleka fomu saa kumi kasorobo.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Fomu imerudi! Imejaa alama za kuuliza kwa wino mwekundu. Pembeni ya friji: ya nini? Pembeni ya makarani: watatu wanafanya nini? Kumbe huyu mama anasoma. Semina haikutuandaa kwa mtu anayesoma. Kesho saa nne anakuja kuiona masjala kwa macho yake, na Ijumaa kamati inakaa.

Nimepiga moyo konde. Jioni nilifanyia mazoezi kanuni ya tatu nyumbani. Mke wangu ni fundi cherehani, mtaa mzima unajua hapunguzi bei, kwa hiyo ni mpinzani wa maana. Aliuliza nitakula sasa au baadaye. Kimya. Akauliza kama naumwa. Kimya, macho makavu. Akauliza nani kaniudhi. Nilihisi kabisa anaanza kulegea. Akafunika chakula changu, akampelekea dada yake nyumba ya jirani. Nimelala njaa, lakini aliyeongea kwanza ni yeye.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mpango: masjala ionekane imezidiwa. Nilifika saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikashusha rafu tatu nzima za mafaili sakafuni. Nikayavuruga kwa mikono yangu mwenyewe. Kazi nzito kuliko nilivyodhani, shati lote likalowa. Dada wa Mafaili alipofungua mlango alishika kichwa. Sijawahi kumwona karibu kulia. Nikamweleza kwamba ni mbinu, tena kwa faida yake. Alisema neno moja tu, kwamba hawa ni wagonjwa, bosi. Akapiga magoti, akaanza kupanga. Nikamkataza. Akaendelea.

Saa nne Mhasibu akaingia na futi kamba mkononi. Kabla sijafungua mdomo, muuguzi wa wodi ya watoto akaja mbio. Kuna mtoto anaingizwa chumba cha upasuaji sasa hivi, ana dawa inayomdhuru, na hakuna anayekumbuka ni ipi. Faili lake, haraka! Niliyatazama malundo ambayo Dada alikuwa hajamaliza kuyapanga. Naandika ukweli kwa sababu hapa hasomi mtu: niliogopa, maana sikujua hata nianzie lundo lipi.

Dada aliuliza mtoto alilazwa lini mara ya mwisho. Akaingiza mkono kwenye lundo la dirishani, akapekua kidogo, akahamia lundo la mlangoni, akavuta faili. Dakika mbili. Muuguzi akatoka nalo mbio.

Mhasibu alitazama saa yake. Akamtazama Dada. Akanitazama mimi na shati langu. Akapima chumba, akaondoka. Hasara tupu! Jasho lote lile, halafu Dada anaharibu mpango kwa kulipata faili upesi. Sasa nani ataamini tumezidiwa?

Mtoto yuko salama. Nilipita wodini mara tatu kuuliza.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Kamati. Watu saba, meza ndefu, maji ya chupa. Mzee wa Matairi aliingia kabla yangu, akatoka baada ya dakika nne na matairi yake manane. Bahati tu.

Zamu yangu. Mhasibu akasema chumba ameshakiona, makarani watatu hawaenei. Je, huyu mmoja niliye naye ninamhitaji, na kwa nini? Mtu dhaifu angejibu. Mimi nilikunja mikono, nikamkazia macho katikati ya nyusi. Kimya. Akarudia swali, taratibu. Kimya. Mwenyekiti akauliza kama nasikia vizuri. Nikatabasamu kidogo. Mtu mmoja akanisogezea chupa ya maji, nusura niseme ahsante kwa mazoea, lakini nilijikaza. Mwisho mwenyekiti akamwambia katibu aandike kwamba mkuu wa masjala hana hoja. Wakafuta vyote. Viti, feni, zulia, friji. Na makarani, wote watatu.

Nilirudi masjala. Dada alikuwa anamalizia rafu ya mwisho, akauliza imekuwaje. Hapo sasa nilitaka kuongea na mdomo ukakataa. Akaelewa. Alivua koti la kazi, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya kiti. Akasema usijali, bosi, umejaribu. Nimeona aibu. Aibu ya kweli. Nilitamani anitukane.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Ushindi!

Saa tatu asubuhi Mhasibu alimwita Dada ofisini kwake. Mimi hakuniita. Dada akaenda na daftari lake, ambalo kumbe kwa miaka sita amekuwa akiandika kila faili linaloombwa, nani kaliomba, na limechukua dakika ngapi kupatikana. Mimi nilidhani ni mahesabu ya kikoba chake cha akiba. Robo saa baadaye akatoka, analia na kucheka kwa pamoja. Ajira ya kudumu!

Nilimuuliza amemwambia nini. Akasema ameeleza anachofanya, na kinachotokea siku asipokuwepo, kisha akaomba nafasi moja. Moja! Alipoulizwa kama kuna kingine, akataja viti viwili, maana miguu ya hivi vya sasa tumeifunga kwa bandeji za wodini. Vimepitishwa.

Nimefurahi hadi nikamkumbatia Mzee wa Matairi. Lakini tusidanganyane. Ijumaa niliwanyamazia, Jumamosi na Jumapili wakakosa raha, Jumatatu wakasalimu amri. Kanuni ya tatu inafanya kazi, inataka subira tu. Nilipomweleza mke wangu alicheka mpaka sindano ikamponyoka. Wivu ni kitu kibaya.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Barua kutoka kwa Mhasibu. Anasema kwa kuwa karani ameajiriwa rasmi, kamati ingependa kujua kama chumba cha watu wawili bado kinahitaji mkuu. Ananiomba nieleze, kwa ukurasa mmoja, kazi ninazofanya kwa siku. Mwisho ni Ijumaa.

Dada wa Mafaili aliisoma akanishika bega. Amejitolea tukae tuandike pamoja. Anasema yapo mambo ninayofanya, tukitulia tutayakumbuka, hata kama ni machache. Mke wangu naye anasema niandike ukweli na niombe kubaki, kazi yenyewe tunaihitaji. Watu wema sana hawa, ila hawana cheti.

Nimechukua karatasi moja, nyeupe, safi. Chini kabisa nimeweka sahihi na muhuri wa masjala. Juu yake sikuandika kitu, hata herufi moja. Nimeikunja, nikaitia kwenye bahasha, nikaipeleka mwenyewe mkononi kwake, siku tatu kabla ya muda.

Aanze yeye.