Pasi, Dizeli na Keki ya Ghorofa Tatu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Wiki ya tatu na gari langu la umeme. Dogo, rangi ya maziwa, la bei nafuu kuliko yote pale dukani. Muuzaji alinipongeza kwa kuchagua vizuri, kisha akawakonyeza wenzake. Nadhani walikuwa wananionea wivu.

Mtaani wamelibatiza Pasi kwa sababu waya wake unapita dirishani hadi jikoni. Wacheke tu. Nani amewahi kupanda pasi akaenda kilomita mia?

Habari kubwa leo. Mke wangu, muoka keki, ameagizwa keki ya ghorofa tatu na chuo cha uuguzi, kwa mahafali ya Jumamosi. Mkuu wa chuo amesema ikipendeza, keki zote za chuo mwaka mzima zitakuwa kazi yake. Tangu asubuhi hajatulia. Kafuta meza ile ile mara tatu huku anaimba.

Nikamwambia mimi ndiye nitakayeipeleka. Akaacha kuimba. Akasema kaka yake ana pikapu.

Kaka yake! Shemeji yangu, ambaye kimoyomoyo namwita Dizeli. Akiwasha lile pikapu getini, vikombe vyetu vinagongana kabatini. Mimi ni fundi mizani, miaka kumi na tisa sasa. Mtu asiniambie kile ni bora kuliko hiki kabla hatujapima.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimebuni kipimo. Beseni la bluu, maji kina cha sentimita kumi na mbili, juu ya kiti cha nyuma. Kutoka getini kwetu hadi geti la chuo: kilomita kumi na nne, matuta kumi na moja. Maji yakibaki mengi, keki iko salama. Yakimwagika, shauri yao.

Nimeanza na bajaji. Dereva akauliza kama nimebeba samaki. Nikamwambia ni utafiti. Akasema sawa, ila utafiti usimlowanishie kiti. Haukumlowanishia. Kwenye tuta la nne ulihamia karibu wote kwenye suruali yangu. Zilibaki sentimita mbili. Kazini mteja wa kwanza alinitazama kuanzia kiunoni kwenda chini, akasema atarudi kesho.

Jioni nikaomba lifti kwa shemeji, na beseni langu. Nilimwambia ni maji ya kupimia mizani. Zilibaki sentimita tano! Nilitabasamu njia nzima hadi akaniuliza kama jino linaniuma.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Zamu ya Pasi. Sentimita kumi na moja na nusu! Nilipiga kelele peke yangu getini kwa chuo, mlinzi akatoka.

Ni kweli niliendesha mwendo wa ishirini kwa saa. Ni kweli gari la mkate lilinipigia honi kilomita sita. Huo si udanganyifu, ni utulivu.

Halafu maajabu. Kwenye mteremko wa hospitali betri ilikuwa asilimia hamsini na nane. Nilipofika chini, hamsini na tisa! Gari linajijaza lenyewe! Dizeli akiteremka, tangi lake linaongezeka? Haliongezeki. Nikageuza, nikapanda tena ili niteremke tena. Kupanda kukala asilimia nne. Hiyo sikuiandika kwenye jedwali.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Balaa. Jikoni tuna soketi mbili. Moja, ninayochajia siku zote, imeanza kunuka moshi; nyingine ni ya friji. Jana jioni nilichomoa friji nikachomeka Pasi, kwa saa moja tu. Nikapitiwa na usingizi. Leo maziwa yamechacha na siagi inamiminika.

Mke wangu ameniapisha nisiguse tena plagi ya friji kwa mkono wangu. Nimeapa. Fundi viatu wa mtaa wa pili amekubali nichaji kwake, mradi nisimweleze tena habari za mteremko.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Mama mkwe amekuja kusaidia kutengeneza maua ya sukari. Nikaona ndiyo nafasi. Nikawasomea jedwali langu wote wawili, nikiwa nimesimama.

Mama mkwe akauliza, tangu lini keki ikawa maji. Nikamjibu kwa heshima kwamba kitaalamu mtikisiko ni mtikisiko. Mke wangu akayatazama matokeo muda mrefu. Akakubali! Pasi ndiyo itabeba. Shemeji alipopigiwa simu akasema haina neno. Alikubali upesi mno, lakini nadhani ni haya ya mtu aliyeshindwa.

Mama mkwe akasema atalala hapa hapa. Ana unga uliobaki, hataki upotee.

Jumamosi, tarehe 8 Machi



Mke wangu alitangulia chuoni kupanga meza. Agizo lake lilikuwa moja: kiyoyozi kiwake mpaka mwisho. Mimi na mama mkwe tukaipakia keki, nikaondoka na asilimia tisini na moja. Nyeupe, maua ya waridi juu, nzuri hadi nikaiaga bajaji kwa dharau njiani.

Kufika tuta la tatu nikapata swali. Hivi kiyoyozi kinakula kiasi gani? Nikakizima kidogo, nione tu. Kioo cha dashibodi kikaonyesha kilomita kumi na moja zaidi, pale pale, za bure! Nikafunga na madirisha, maana upepo nao unavuta gari nyuma. Jua lilikuwa kali. Nilitoka jasho hadi kwenye viatu, lakini betri! Nilifika na asilimia themanini na sita. Haijawahi kutokea.

Nikafungua mlango wa nyuma. Keki haikuyumba hata unywele mmoja. Ilikuwa imekaa. Ghorofa ya tatu imezama kwenye ya pili, ya pili imeikumbatia ya kwanza, maua yanaogelea pembeni.

Mke wangu hakupiga kelele. Angepiga kelele ningejua la kufanya. Alishika tu ukuta, akatazama chini. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikaanza kumwambia kuhusu themanini na sita, nikaacha.

Ndipo vioo vya chuo vikaanza kutetemeka. Pikapu! Shemeji kwenye usukani, mama mkwe pembeni yake na sweta, kiyoyozi kinavuma, na mapajani keki ya ghorofa tatu. Pacha wa ile yangu. Kumbe ule ndio unga uliobaki. Hakuna hata ua moja lililosogea.

Mkuu wa chuo alikula vipande viwili. Kazi ya mwaka mzima tumepata. Mke wangu alimkumbatia mama yake, wakalia. Kwangu alisema polepole kwamba mimi najua sana kupima, na ndiyo maana walioka mbili.

Nimeshukuru kwa sifa hiyo.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Tangu jana tunakula ile keki kwa kijiko. Ni tamu sana.

Nimetafakari. Ulinganisho wa jana haukuwa wa haki. Mama mkwe si kifaa cha gari! Hakuja na lile pikapu kutoka kiwandani. Mtoe mama mkwe, Dizeli anarudi kwenye sentimita tano zake. Na je, Pasi ikiwa na mama mkwe? Hakuna aliyewahi kupima.

Kesho asubuhi wajumbe wa bodi ya chuo wanakutana, na mke wangu amekwisha kuoka keki yao. Shemeji ndiye atakayeibeba, hilo limeamuliwa bila mimi. Lakini jioni ya leo mama mkwe amekubali kukaa na beseni kwenye Pasi, mara moja tu, ili nimwache apumzike. Matokeo nitayabandika jikoni.

Betri iko asilimia tisa, maana asubuhi nzima nimepanda na kuteremka mteremko wa hospitali nikipima. Fundi viatu hafungui Jumapili. Mke wangu amelala, amechoka sana.

Niliapa nisiguse plagi ya friji kwa mkono wangu. Nimevaa glavu za oveni. Ni kwa saa nne tu, na safari hii nilichungulia ndani kwanza. Maziwa hakuna, siagi hakuna. Kuna boksi moja tu kubwa jeupe, lenye utepe.