Malalamiko ya Mwokoaji Kulazimishwa Kuvaa Jaketi la Kuelea

Nyumba za Baraza,
Bondeni, Nakuru.
12 Agosti 1958

Kwa Bwana Hezekiah Kiptanui,
Katibu, Chama cha Wavuvi wa Mitumbwi ya Turubai,
Naivasha.

Bwana Katibu mpendwa,

Naomba barua hii ikukute mzima, na watoto wazima, na yule ng'ombe wako mwenye kwato mbovu awe amepata nafuu. Mimi mwili wangu hauna neno. Ni roho iliyochafuka, na aliyeichafua ni wewe. Nakwambia hivi kwa heshima zote.

Utakumbuka kwamba mwezi wa tatu, pale ufukoni, chama kilinichagua mimi, Dalmas Obura, kuwa mtu wa kuwaokoa wenzake wakianguka majini. Hakuna aliyepinga. Mlitaka hata kuniita Mwokozi, mpaka Mzee Masinde wa kwaya akasema jina hilo tayari lina mwenyewe, ndipo tukakubaliana Mwokoaji. Tangu siku hiyo nikipita Bondeni watu wananiamkia kwa cheo changu, na mke wangu Naliaka akisikia anainua shingo. Sasa wiki tatu zilizopita ulipanda juu ya kreti la soda, ukasoma waraka wa Bwana Samaki, yule afisa wa uvuvi, ati hakuna mtumbwi utakaoingia ziwani kama aliyemo hakuvaa jaketi la kuelea, na asiye nalo ifikapo Jumamosi hii atanyang'anywa laiseni yake ya ndoana. Watu wakaitikia. Halafu ukanigeukia mimi ukasema hata Mwokoaji hasamehewi. Mbele ya watu wote! Mbele ya watu wa kwaya!

Kwa kuwa mimi si mtu wa fujo, nilichukua jaketi moja la kila aina kati ya zile aina tatu ulizonunua kwenye mnada wa vitu vya zile ndege zilizokuwa zikitua juu ya maji, nikayajaribu moja moja, wiki moja kila moja. Haya ndiyo niliyoyaona.

1. Jaketi la vizibo. Hili limeshonewa vipande vya vizibo kama vile vya chupa, ila kila kimoja ni kikubwa kama tofali. Wewe unajua mitumbwi yetu. Si ya kusimama. Unaketi chini kabisa, miguu umeinyoosha mbele, na mikononi una kafi yenye ncha mbili. Nilipoketi, jaketi lilipanda. Lilipanda mpaka masikioni, nikabaki naona anga tu. Samaki nilimsikia akivuta ndoana lakini sikumwona, na nilipotaka kumvuta mikono haikukutana kifuani. Nikazunguka mahali pamoja kama jogoo aliyefungwa kamba mguuni. Kiboko mmoja alitoa kichwa akanitazama kwa muda mrefu sana. Sikupenda alivyonitazama.

2. Jaketi la sufi. Hapa nakiri nilifurahi, maana sufi ndiyo kazi yangu. Miaka kumi na moja nimeshona viti vya mabehewa, daraja la kwanza na la pili, na siwezi kuona kitu kimejazwa sufi nikakiacha bila kukifumua. Nikakifumua. Lo! Aliyejaza jaketi lile alikuwa na haraka ya kwenda kwao. Sufi imegandamana upande mmoja, upande wa pili hakuna kitu. Nikaitoa yote, nikaichambua, nikairudisha, na kwa kuwa mgongo ulibaki mwepesi nikatia springi sita za kiti cha daraja la pili kilichokwisha kutupwa. Nikalipiga vifungo vya ngozi. Kama linaelea sijui, lakini kulikalia ni raha tupu.

Sasa sikia balaa. Wiki ile ile mama yake Naliaka alifika kutoka Kimilili kututembelea. Kwa mila zao na zetu mama mkwe halali nyumbani kwa mkwewe, kwa hiyo tulimwombea nafasi kwa jirani yetu Rahab. Rahab ana kitanda lakini hana mto wa kumpa mgeni. Mke wangu, bila kuniuliza, akachukua jaketi la chama akampelekea mamake. Mama akalilalia siku nne! Mimi nitalifungaje kifuani jaketi lililolaliwa na mama mkwe, Bwana Katibu? Hata kwenu huko Kabarnet jambo hilo haliwezekani. Nilikuwa nafikiri namna ya kulirudisha kwako bila kuligusa, lakini mama amenipunguzia kazi, ameondoka nalo. Ametuma salamu ati tangu azaliwe hajapata mto wenye adabu kama ule.

3. Jaketi la mpira. Hili halina kitu ndani. Unavuta kamba, chupa ndogo ya chuma inatoa pumzi, nalo linafura. Nikasema kitu kipya lazima kizoewe kama viatu, nikalivaa chini ya koti siku ya Jumapili, nikaenda nalo kanisani. Mwalimu wa kanisa alikuwa akihubiri juu ya watu wenye majivuno. Nilipoinuka kwa ajili ya sala, ile kamba ikanaswa na msumari wa benchi. Bwana Katibu, nilifura. Vifungo vya koti viliruka vyote vitano, na kimoja kikampata Mzee Masinde katikati ya paji la uso. Watoto walikimbilia nje. Mwalimu alinitazama, akafunga Biblia yake, akasema ibada imetosha. Tangu siku hiyo baba mmoja wa pale kanisani akinipita ananigusa tumbo kwa kidole, halafu anacheka peke yake mpaka kwenye kona.

4. Sasa tuyaache majaketi, tuje kwa mtu. Unajua vizuri mimi ni wa wapi. Wazazi wangu ni watu wa Uyoma. Uyoma imezungukwa na ziwa pande tatu, na lile ni ziwa kweli, si hili dimbwi lenu la Naivasha. Kumvalisha Mjaluo wa Uyoma jaketi la kuelea ni sawa na kumfunga samaki kibuyu ili asizame. Watu wa kwetu wakipata habari watafanya kikao.

5. Hili ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Naliaka hajawahi kuingia kwenye mtumbwi. Amekulia kwenye mahindi, na maji mengi aliyoyajua ni ya mtungi. Miaka sita nimekuwa nikimwambia njoo uone uzuri wa ziwa asubuhi, naye amekataa. Sasa amekubali! Jumamosi hii anakuja, aketi mbele yangu katika ule mtumbwi wetu mmoja wenye nafasi mbili. Amewatangazia wanawake wote wa bombani kwamba haogopi, kwa sababu mumewe ni Mwokoaji. Akifika pale anikute nimefungwa vizibo mpaka masikioni, atafikiri nini? Atauliza kama Mwokoaji anaogopa maji, yeye ashike nini. Atarudi stesheni kwa miguu yake, na neno la mtumbwi sitalitaja tena nyumbani mwangu. Ndiyo maana nasema, bwana, hapa si suala la nguo. Ni suala la heshima ya mtu ndani ya nyumba yake.

Kwa sababu hizo naomba yafuatayo. Kwanza, nisamehewe jaketi maisha yangu yote. Pili, kwa kuwa waraka unasema kila mtumbwi lazima uwe na kifaa cha kuokolea, mimi mwenyewe niandikwe kwenye orodha ya vifaa vya chama: vizibo, sufi, mpira, na Dalmas Obura. Tatu, kwa kuwa nitakuwa kifaa, mwanachama yeyote atakayekuwa karibu nami ahesabiwe kwamba amevaa, naye asisumbuliwe. Nne, Bwana Samaki akitaka kunikagua kama anavyokagua vifaa vingine, aje. Nitasimama wima, anigonge kifua, aone kama kuna mahali panapovuja. Na ikiwa kutakuwa na mtihani wa kuelea, naomba mtihani huo ufanyike mwakani, maana mwaka huu nina kazi nyingi za mabehewa.

Nina hakika wewe ni mtu wa haki na utayapima maneno haya kwa utulivu. Nisalimie mama watoto, mwanao Zeddy mdogo, wazee wa chama, na yule mzee anayetuuzia chambo, mwambie minyoo yake ya juzi ilikuwa mizuri sana. Naliaka anakusalimu. Rahab anakusalimu, anauliza kama kuna mto mwingine. Mzee Masinde angekusalimu, lakini bado hasemi nami.

Ni mimi, katika utumishi wa kuwaokoa wenzangu,

Dalmas Obura,
Mwokoaji.

Tanbihi: Bwana Katibu, barua hii nimeiandika siku tatu na wino umekwisha, kwa hiyo siwezi kuichana nikaanza nyingine. Haya naongeza kwa penseli. Mimi sijui kuogelea. Nilizaliwa hapa Nakuru, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, baba akiwa mchochea moto wa gari moshi, na ziwa letu hapa ni la magadi, halifiki magotini, limejaa ndege heroe. Uyoma nimekwenda mara moja, kwenye mazishi, nikaoga kwenye karai. Siku ile ya uchaguzi mliniuliza kama mimi ni mtu wa kule ziwani, nikasema ndiyo, kwa sababu ndiyo. Swali la pili hamkuuliza. Leo Naliaka amemaliza kushona kitambaa kipya cha kichwa cha kuvaa Jumamosi, akanionyesha, akaniambia tukipinduka yeye atanishika shingo tu na kutulia, asinisumbue. Nimeshindwa kula. Tafadhali mpe Omolo, yule gadi wa treni, majaketi mawili ya vizibo, lile nililolirudisha na jingine, aje nayo huku Nakuru kwa treni ya Ijumaa. La Naliaka lichaguliwe kwanza, lile lenye kamba nzima zote. Likipatikana moja tu ni lake, na aketi na wewe, maana wewe nimekuona ukiogelea kwa macho yangu. Mimi nitabaki nchi kavu. Sababu usimwambie. Nitamwambia mwenyewe kwenye treni, kabla hatujafika.