Kitabu Ndani ya Kochi

Jumatatu, 4 Machi
Nimenunua kitabu cha kusikiliza. Hadithi ya mauaji, saa kumi na moja nzima. Ni cha mama mkwe, macho yamemchoka. Jumapili anaamua nani apewe chumba chake cha mbele kinachotazama barabara: mimi, niweke karakana ya makochi, au shemeji yangu, auze makava ya simu. Makava! Nimekihamishia kitabu kwenye kidude cha muziki cha mfukoni, asikilize akiwa kitandani. Kimya. Waliouza wanasema kimefungwa, kinafunguka kwenye simu yangu tu. Mimi nikikuuzia kochi, nakupangia wa kukaa naye?

Jumanne, 5 Machi
Shemeji kacheka mpaka kakohoa. Eti si nimwachie mama simu yangu? Simu ya wateja! Huyo hana akili ya biashara. Kidude kina kitufe cha kurekodi. Simu isome, kidude kisikilize. Nimejaribu sebuleni. Nimepata dakika arobaini za mke wangu akigombana na sufuria.

Jumatano, 6 Machi, asubuhi
Ukimya ninao dukani, tena kwa futi! Sponji. Nimelaza simu na kidude ndani ya kochi la mwalimu mkuu mstaafu, vyote vinafanya kazi, nikashona juu asiguse mtu. Huku nashona nikamweleza mke wangu mipango yangu ya chumba. Akaniambia nipunguze mdomo. Hajui biashara naye.

Jioni
Nilitoka kununua vifungo. Kurudi, kochi hakuna! Mke wangu kamkabidhi mwalimu. Eti lilikuwa limeshashonwa, angesubiri nini? Nikakimbia. Nimemkuta mwalimu nje ya nyumba yake, ana ndala mguu mmoja. Mkewe kakalia kochi jipya, akasikia mwanamke chini yake akimsihi mwanamume asimwambie mkewe. Anataka kujua ni nani huyo, na tangu lini. Mwalimu anaapa hamjui. Nikapasua kochi mbele yao. Mkewe akaiona simu, akasema ndiyo ya siri ya mumewe, akakusanya nguo, akaenda kwa dada yake. Mwalimu kaniambia kochi nilishone upya, bure. Bure!

Jumapili, 10 Machi
Familia yote imekaa, nikawasha kidude. Shemeji akaongeza sauti, mchokozi. Sauti ya kwanza kutoka ni yangu! Nasema nikishapata chumba, mama mkwe namhamishia stoo, kitanda chake kitaingia tu kikikatwa miguu. Nikajitia kukohoa. Mama mkwe akanyamazisha watu wote, akasikiliza mpaka mwisho: muuaji, mkokoteni uliobeba kochi, mke wa mwalimu. Chumba kapewa shemeji. Mimi nimeambiwa nilete sehemu ya pili. Huyo muuaji, mama mkwe hana haja naye. Anataka kujua kama mke wa mwalimu alirudi nyumbani.

Jumatatu, 11 Machi
Bado nina nafasi! Nikimfurahisha atabadili mawazo. Na mke wa mwalimu amerudi leo hii. Kochi lao nimelishona upya, kidude peke yake kimo ndani, kinarekodi. Safari hii nimetumia akili, sauti ya mtu haitatoka humo. Mwalimu kalibeba saa nne. Sasa nimpigie mama mkwe habari njema.

Simu yangu nimeiweka wapi?