Dume Moja kwa Mashine ya Kukereza

Jumatatu, 6 Oktoba 2025
Daftari langu, nisamehe. Tangu Agosti sijaandika hata mstari. Mwanangu Minza anaota meno. Halali, kwa hiyo silali. Ila leo lazima. Mzee Thomasi wa Ngulyati anauza mashine ya kukereza chuma. Imetumika, lakini nzima. Nitaiweka kibandani nyuma ya nyumba, nichonge vipuri vya plau za ng'ombe, pini na bushi, kabla mvua hazijaanza. Chuoni nilikuwa wa pili darasani. Mzee hataki pesa, anataka dume la ng'ombe la kulimia. Tunayo mawili. Mume wangu, Maige, yuko Lingeka kwa ndugu zake mpaka Jumapili. Vizuri.

Jumatano, 8 Oktoba
Nimekwenda kuikagua na Mjomba Bujiku. Kwenye mnada wa ng'ombe hakuna anayemzidi jicho. Ameizunguka mara tatu. Ameipiga miguu teke. Amehesabu meno ya gia, akasema hakuna pengo, huyu bado kijana. Akauliza kama ni mkorofi. Mzee Thomasi akajibu ni mpole sana. Tukapeana mikono. Dume letu limeondoka bila kugeuka. Nimelia kidogo, nikamnyonyesha Minza, basi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Imefika kwa mkokoteni. Wanaume saba wameishusha, wamemaliza ugali wote. Malimi, fundi umeme, ameitazama akacheka mpaka akakaa chini. Akasema shemeji, hii inataka umeme wa fezi tatu, ule wa mashine kubwa, nyumba yako ina moja. Nani aliikagua? Nikasema mtaalamu. Mtaani fezi tatu anayo Gloria tu, wa mashine ya kusaga. Amekuja kuchungulia. Eti pole mayu, yaani mama, si mbaya, utaanikia nepi. Umeme kwake siombi.

Jumapili, 12 Oktoba
Maige amerudi. Amehesabu ng'ombe. Akahesabu tena. Akauliza mvua zikinyesha nani atavuta plau na huyu aliyebaki, yeye au mimi. Nikamwambia ale kwanza. Kwa upole, lakini ale. Amekula, amelala mchana huu. Bila kulima hatuli mwakani, hilo najua. Lakini jibu ninalo. Kaka Marcelo, Mwanza, anamjua mtu anayeuza injini ya dizeli iliyotumika, itazungusha mashine bila umeme. Anapokea dume badala ya pesa. Mjomba Bujiku ameiona kwenye picha ya simu, anasema ina afya. Namwandikia Marcelo anitumie: injini hiyo, mkanda wake, visu vitatu vya kukerezea, grisi kopo moja, dawa ya fizi ya Minza, na mtu wa kuswaga lile dume lililobaki, kesho alfajiri, kabla Maige hajaamka.