Dobi na Mtutu Usio na Doa

Jumatatu, 4 Mei

Habari njema! Imebaki nafasi moja kwenye timu ya klabu yetu ya kulenga shabaha. Nafasi moja, watu wawili: mimi na Shemeji. Huyu ni kaka wa mke wangu, fundi saa, maneno machache, tabasamu la kuudhi. Miaka sita nimekaa benchi nikiwapigia wenzangu makofi. Nikikosa na mwaka huu, basi tena, watanizika na hilo benchi.

Mchujo ni Jumamosi. Risasi tano tano, mita mia moja. Msimamizi wa uwanja ni muuguzi mstaafu, tunamwita Sindano (si mbele yake!). Amesema kila bunduki ina risasi inazozipenda, kila mtu akatafute za kwake. Nimenunua maboksi manne, aina nne, kuanzia nyepesi mpaka nzito. Shemeji kanunua aina moja tu. Maskini wa Mungu.

Jumanne, 5 Mei

Nimefunga duka mapema, mbio uwanjani. Sindano katupatia utaratibu: ukibadili aina ya risasi, safisha mtutu, halafu piga risasi tatu za kuuchafua kidogo, ndipo uanze kuhesabu. Nimecheka mpaka nikakohoa. Kuuchafua! Mimi ni dobi. Miaka kumi na tisa naondoa madoa ya watu. Nani anafua shati, analipaka masizi, ndipo analivaa? Hilo la kuchafua nikaliruka.

Boksi la kwanza: risasi ya kwanza imeruka juu kushoto, nne zilizofuata zimekaa pamoja. Takataka. Nikasafisha, nikapaka mafuta. Boksi la pili: ya kwanza juu kushoto, nne pamoja. Takataka. Nikasafisha tena, nikapaka tena. La tatu, vilevile! Viwanda vya siku hizi bwana. Kila boksi wanaweka risasi moja mbovu, na wanaiweka juu kabisa.

Hapo vitambaa vya kusafishia vikaniishia. Boksi la nne nimelipiga na mtutu mchafu, roho ikiniuma. Lo! Tano zote mahali pamoja, ungezifunika kwa kizibo cha soda. Nimepata boksi langu! Na hapo mtutu ni mchafu. Ukiwa safi je?

Jumatano, 6 Mei

Nimehitaji vitambaa vipya. Kwenye rafu ya dukani kulikuwa na foronya nyeupe, pamba tupu, imekaa siku nyingi bila mwenyewe. Nimeikata vipande sitini na nne. Nilipomaliza, mke wangu akaweka pasi chini, akauliza ile foronya ya Sindano yenye ua la bluu pembeni nimeiweka wapi. Nikajitia hamnazo.

Mchana nikaenda kwa Shemeji kumtegea mtego. Nilimkuta kainama juu ya saa ya kike, lenzi jichoni. Nikamshauri kindugu kabisa asiiguse bunduki yake mpaka Jumamosi, maana kusafisha sana kunakula chuma. Akanitazama, akasema ahsante, ndivyo alivyokuwa amepanga. Kajiingiza mtegoni mwenyewe! Nimerudi nikipiga mluzi njia nzima.

Alhamisi, 7 Mei

Sindano kaja kuchukua nguo. Alileta foronya mbili, nikampa moja. Nikamwambia ya pili ina doa sugu, iko kwenye matibabu maalumu. Akasema haikuwa na doa lolote. Nikasema ndiyo usugu wenyewe huo, halionekani. Mke wangu kakimbilia nyuma ya pazia, nikaona pazia linatikisika.

Ijumaa, 8 Mei

Siku ya usafi! Brashi, kitambaa, brashi, kitambaa, mpaka kitambaa kikatoka kama kilivyoingia. Kisha mafuta, si haba. Ukichungulia ndani unaweza kuchania nywele. Mke wangu kasema siku ya harusi yetu sikuoga hivi. Wivu tu.

Jumamosi, 9 Mei

Sitaki hata kuandika. Naandika.

Kabla ya kuanza, Sindano kampa kila mmoja risasi mbili za kujaribu, hazihesabiwi. Shemeji kapiga zake zote mbili. Mimi nimekataa, tena kwa sauti, watu wasikie. Nikasema mtutu wangu hauhitaji kukumbushwa kazi.

Risasi ya kwanza: moshi mweupe, na tundu juu kushoto, nusura litoke kwenye karatasi. Pointi tatu. Tatu! Nikapiga moyo konde. Zilizofuata: kumi, kumi, kumi, kumi. Jumla arobaini na tatu. Shemeji, na limtutu lake jeusi kama dohani: arobaini na nne.

Sindano akaniita pembeni. Mkononi ana kitambaa kutoka kwenye sanduku langu, kina ua la bluu. Akasema amefurahi kujua matibabu yalivyokwenda. Halafu akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mgonjwa: mtutu uliotoka kusafishwa, wenye mafuta, hutupa risasi ya kwanza kokote. Kosa si la boksi. Kumi mara nne mfululizo hajaona mwaka huu. Ningepiga zile mbili za bure, nafasi ilikuwa yangu.

Nimerudi, nimekaa juu ya kapu la nguo chafu. Nililia? Kidogo. Mke wangu kaja kukaa nami juu ya mashuka ya watu, kanishika mkono. Hakucheka hata mara moja. Nampenda sana.

Jumatatu, 11 Mei

Hee! Shemeji kaota chokea! Jicho lenyewe la kulengea, limevimba mpaka limefumba. Mashindano ni keshokutwa saa tatu asubuhi. Nafasi ni yangu! Miaka sita!

Sindano kaja mwenyewe dukani na sharti moja: bunduki ije kama ilivyotoka uwanjani Jumamosi, isiguswe hata na kitambaa. Kaniapisha mbele ya mke wangu, mkono juu ya meza ya pasi. Nikaapa. Nimempa foronya mbili mpya, kazipokea. Shemeji naye kaja, jicho moja, kanitakia heri na kunisihi hilo hilo. Nimewaambia wote nimeelewa. Na kweli nimeelewa.

Jumanne, 12 Mei

Nimefungua kabati la chuma kuitazama tu. Kuitazama kuna ubaya gani? Nikachungulia mtutu. Yarabi! Mweusi! Kesho klabu sita zitakuwepo, na dobi mzima niende na uchafu ule? Sindano alikataza kitambaa. Pamba hakuitaja.

Nikapitisha pamba mara moja, kutoa vumbi. Ikatoka nyeusi. Dobi gani anaachia hapo? Ya arobaini na mbili ndiyo imetoka nyeupe. Sasa unang'aa, raha ya macho, na mafuta nimeupa ya kutosha mpaka mwakani.

Mke wangu kasukuma mlango, kaona pamba sakafuni, kauliza nafanya nini. Nikasema nipo tu, namwombea Shemeji apone. Akasema basi tuombe wote kwa bidii, apone kabla ya saa tatu kesho asubuhi. Familia yenye upendo hii!